Rufaa ya faini ya leni ya mabasi Uingereza: kaunsili nyota moja, Traffic Penalty Tribunal nyota tano

Naandika hii kwa ajili ya kila mswahili anayeendesha gari Uingereza ambaye akiona bahasha ya kaunsili (serikali ya mtaa) yenye picha ya gari lake ndani tumbo linamkata na mkono unakimbilia kadi ya benki. Ngoja kwanza. Kama hujalipa soma hii ndo uamue, maana ukishalipa tu mchezo umeisha, kesi inafungwa na hakuna mtu wa kusikiliza rufaa ya faini ambayo umeshailipa mwenyewe.

Ishu yenyewe iko hivi. Gari limeandikishwa DVLA (ofisi ya serikali ya magari na leseni) kwa jina langu ila siku hiyo alikuwa nalo mdogo wangu, alikuja kutusalimia akaazima aende sokoni. Wiki kadhaa zikapita tumeshasahau, mara barua, PCN (Penalty Charge Notice, yani hati ya faini), namba ya kosa 34J, gari lako limeonekana kwenye leni ya mabasi, faini pauni 70 ukilipa mapema 35. Nikampigia dogo, akaanza kuapa, "Dada haki ya Mungu mimi kibao sijakiona, ningeingiaje leni ya basi na naona kibao?" Mume wangu naye pembeni, "Mama watoto lipa tu hiyo thelathini na tano yaishe, hawa watu huwawezi." Na ndo wanachotegemea hao kaunsili, kwamba 35 ni hela ya kuuma lakini sio ya kukunyima usingizi, kwa hiyo wengi wanalipa huku wanalalamika jikoni.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba kwenye hizi faini za kamera anayedaiwa ni mwenye gari na sio aliyekuwa anaendesha. Hakuna pointi kwenye leseni, sio kosa la jinai, polisi hawahusiki kabisa, ni deni kati yako na kaunsili. Kwa hiyo kuandika "sikuwa mimi, alikuwa mdogo wangu" haisaidii kitu, labda kama gari uliliuza kabla au liliibiwa au ni la kampuni ya kukodisha, hizo ni sababu zinazokubalika kisheria. Mimi hizo sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni kiapo cha dogo na video.

VIDEO. Hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndo kesi ilipo. Kwenye barua kuna picha mbili tatu zimekatwa vizuri kabisa, gari lako linaonekana, namba inaonekana, mstari mweupe mnene unaonekana, unajiona umekwisha. Lakini una haki ya kuangalia video yote, unaingia kwenye tovuti ya kaunsili na namba ya PCN na namba ya gari inafunguka. Mimi niliifungua kwenye lapotopu sio kwenye simu, nikawa naisimamisha kidogo kidogo, na nikaona kitu ambacho kwenye zile picha za barua hakipo. Pale mwanzo wa leni panapotakiwa kuwa na maandishi makubwa ya BUS LANE kwenye lami, kulikuwa na B na U na kipande cha S halafu kiraka cheusi cha lami mpya. Yani watu walichimba kupitisha bomba au waya, wakafukia, wakasawazisha, wakaondoka, na hakuna aliyerudi kuandika upya. BU. Hiyo ni kwenye video ya kwao wenyewe! Nikapiga skrinshoti.

Jumamosi nikamwambia dogo twende pale pale unionyeshe ulipopita. Tukapaki mtaa wa pembeni tukatembea kwa miguu, na kweli, kibao cha bluu cha mwanzo wa leni kipo, kimesimama, ila mti umekikumbatia kiasi kwamba ukitokea upande aliotokea yeye unaona majani na kona moja ya bluu, labda uwe umezaliwa mtaa ule. Nikapiga picha kwa simu kutoka mbali, kutoka kati, kutoka karibu, zote za usawa wa macho ya dereva (nilikaa kitako kwenye ukuta wa mtu, mama mmoja akapita akaniangalia vibaya sana). Acha simu yako iandike tarehe na saa kwenye picha. Na Street View ya Google pia inasaidia kwa sababu picha zake zina mwezi na mwaka, unaweza kuonyesha tatizo ni la muda mrefu.

Sasa hatua ya kwanza. Unaandika kupinga kwa kaunsili hao hao waliokupiga faini, una siku 28, inafanyika onlaini. Kisheria lazima upitie hapa huwezi kuruka. Waswahili tunajua, kesi ya ngedere hakimu nyani. Mimi niliandika vizuri bila matusi, nikaweka picha, nikaweka skrinshoti ya BU, nikataja kanuni ya 18 ya zile kanuni za mwaka 1996 za amri za barabara za serikali za mitaa Uingereza, ambayo inasema mamlaka ikishaweka amri barabarani ni wajibu wake kuweka alama za kutosha kuwajulisha watumiaji wa barabara NA kuzitunza. Hilo neno la kutunza ndo lilikuwa silaha yangu.

Majibu yakaja. Jamani. Barua kurasa nne, ukurasa wa kwanza wanasema wamezingatia kwa makini hoja zangu zote, halafu ukurasa wa pili wananiambia kwamba hata kama nilikuwa napisha gari la wagonjwa bado sikutakiwa kuingia kwenye leni. Gari la wagonjwa lipi?? Mimi nimeandika habari za mti na lami, neno ambulensi halimo kwenye barua yangu popote. Yani wamechukua barua ya mtu mwingine wamebadilisha jina na namba ya gari wamenitumia. Kuhusu kibao sentensi moja tu, alama zipo na zinafuata sheria. Kuhusu maandishi ya lami kimya. Halafu mwishoni kiungwana kabisa wananirudishia ile ofa ya 35 kwa siku chache nilipe yaishe, na chini yake onyo kwamba nikienda mbele nikishindwa nitalipa 70 nzima.

Nyota moja ni kwa sababu tovuti ya video ilifanya kazi. Kama isingekuwa hiyo ningeweka sifuri kama ingeruhusiwa.

Na hapa ndo wengi wanakata tamaa. Unasoma "tumekataa", una lugha ya pili, una shifti kesho asubuhi, unaona serikali imeshasema, basi. Mimi nawaambia barua ya kukataliwa ndo tiketi yako ya kuingia kwenye huduma yenyewe, kabla ya hapo ulikuwa unaongea na ukuta. Inaitwa Notice of Rejection, ndani yake kuna namba ya siri ya kuingilia onlaini, usiitupe hata ukiwa na hasira.

Nje ya London, kwa England na Wales, rufaa inaenda Traffic Penalty Tribunal. Bure. Narudia, BURE, hakuna ada ya kufungua, hakuna wakili, hakuna kuvaa suti kwenda mahakamani. Wanaoamua ni wanasheria wanaojitegemea, hawaajiriwi na kaunsili yako, na uamuzi wao unambana kaunsili. Una siku 28 tangu upate ile barua ya kukataliwa. Hatari ya kifedha ni moja tu, unapoteza ile nusu bei, yani kwangu mimi nilikuwa nacheza kamari ya pauni 35 za ziada. Gharama za upande wa pili hulipishwi labda uwe umefanya upuuzi wa makusudi au usumbufu usio na kichwa wala miguu.

Unaingiza namba ya PCN, namba ya gari, ile namba ya siri, unachagua sababu, unaandika maelezo, unapakia picha. Mfumo umeandikwa kwa kiingereza cha watu sio cha mawakili. Baada ya hapo kaunsili nao wanapakia ushahidi wao kwenye ukurasa huo huo na wewe unauona wote, kila kipande, na unaweza kuandika maoni yako chini ya kila kipande. Hii mimi niliipenda kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kwenye hatua ya kwanza unatupa maneno shimoni hujui nani anasoma, hapa mnaona vitu vile vile mezani. Na kuna kaunsili nyingine zikiona umefika huku zinajitoa zenyewe kabla ya kusikilizwa, hawataki kupoteza muda, faini inafutwa umekaa kwako. Wangu hawakujitoa, walikaza.

Walichopakia ndo kiliwaponza. Waliweka picha ya kile kibao cha bluu kinang'aa, safi, hakuna jani hata moja mbele yake. Nikaikodolea macho nikasema huu mti umekatwa lini? Nikazuumu. Mti haukukatwa, mti ni ule ule ila hauna majani kabisa, matawi matupu, picha ya wakati wa baridi. Na PCN yangu ni ya Julai! Picha haina tarehe popote. Nikaandika chini yake sentensi mbili tu, kwamba picha hii imepigwa majira ya baridi kwa sababu mti ni mtupu, naomba kaunsili waseme ni ya tarehe gani, na nikaweka ya kwangu pembeni. Hawakujibu.

Unaweza kuchagua mwamuzi asome tu aamue au msikilizane kwa simu au video. Mimi nilichagua video kwa sababu nilitaka kuuonyesha ule mti kwa kidole. Nilikuwa na wasiwasi na kiingereza changu kikiwa na presha, lakini yule mwamuzi alikuwa mtulivu, aliongea polepole, alijitambulisha, akaeleza yeye sio mtu wa kaunsili, akaniambia ameshasoma kila kitu kwa hiyo nisirudie yote. Na kweli alikuwa amesoma. Alisimamisha video yeye mwenyewe pale kwenye BU akaniuliza hiki kiraka kilikuwepo siku uliyoenda kupiga picha? Nikamwambia ndiyo, angalia picha ya nne. Akauliza dereva alitokea barabara gani, nikamwambia, akaangalia ramani. Kaunsili hawakutuma mtu, walitegemea makaratasi yao. Dakika chache tu tukamaliza, dogo amekaa nje ya kamera anatoa ishara za mikono kama kocha.

Hoja ya kaunsili ilikuwa kwamba ule mstari mweupe mnene peke yake unatosha kumjulisha dereva. Uamuzi ulipokuja kwa imeili ulisema hapana, ukiangalia kwa ujumla wake, mwanzo wa leni kibao kimezibwa, maandishi ya lami yamekatika, mstari peke yake hauwezi kubeba kazi yote, taarifa haikuwa ya kutosha, rufaa imekubaliwa, kaunsili wafute PCN. Kurasa mbili, zimeandikwa zikaeleweka, na hakuna ambulensi mle ndani.

Sasa nisiwadanganye, sio kila mtu atashinda. Kuna hoja watu wanazipenda ambazo huko hazina nguvu. "Nilikuwa nimechelewa kazini" haina nguvu. "Hakukuwa na basi lolote muda huo" haina nguvu kabisa, leni ni ya mabasi hata basi likiwa gereji. "Satnavu ilinipeleka" hapana. "Wengine pia walipita" ndo kabisa. Mwamuzi anaangalia sheria, je kosa lilitokea, je alama zilitosha, je utaratibu wa barua ulifuatwa. Kama una sababu ya kibinadamu nzito sana, mfano mgonjwa ndani ya gari, anaweza kupendekeza kaunsili wafute lakini hilo ni pendekezo, halifanani na kushinda kisheria, kwa hiyo sababu kama hiyo iandike mapema kabisa hatua ya kwanza na uweke karatasi ya hospitali.

Gari la dharura nyuma yako na king'ora, hii inawachanganya wengi. Highway Code (kitabu cha sheria za barabarani) kanuni ya 219 inasema mpishe ila usivunje sheria nyingine kufanya hivyo. Kwa hiyo kujibanza kwenye leni ya mabasi kupisha ambulensi kunaweza kukuletea faini, na utetezi wako ni video ionyeshe hiyo ambulensi na wewe umetoka haraka. Omba video mapema.

Madereva wa minikabu hii ni yenu na mume wangu yumo. Kibao kikiwa kimeandikwa taxi wanamaanisha teksi zenye leseni ya kusimamishwa barabarani, zile nyeusi za London na ndugu zake, sio Uber wala minikabu yenye stika kwenye kioo. Watu wamelipigania hili mpaka juu kabisa. Addison Lee, kampuni ya minikabu ya London, madereva wao walipigwa faini Southampton Row mwaka 2010, kampuni ikasema huu ni upendeleo, kesi ikaenda mpaka mahakama ya Ulaya kule Luxembourg, na Januari 2015 mahakama ikasema kuwaruhusu teksi nyeusi na kuwakataza minikabu sio tatizo la ruzuku haramu ya serikali. Kwa hiyo ukipanga kuandika rufaa ya "mimi pia ni teksi" usijisumbue, soma kibao kinasema nini, miji mingine inaruhusu magari mengine na imeandika hivyo.

London yenyewe mambo ni tofauti kidogo. Rufaa haziendi Traffic Penalty Tribunal, zinaenda London Tribunals, nao ni bure na wanajitegemea vile vile. Bei ndo ya kutisha, faini za barabara za TfL (Transport for London, mamlaka ya usafiri ya London) zilipanda mpaka pauni 160 Januari 2022 na mitaa mingine ya London ikafuata 2025, nusu yake 80 ukilipa ndani ya siku 14. Na leni za mabasi kwenye barabara kubwa za TfL nyingi ni masaa 24 siku 7, walianza kama majaribio mwisho wa 2020 wakazifanya za kudumu mwaka uliofuata, kwa hiyo yule rafiki yako anayekuambia "saa mbili usiku leni ni huru" ana habari za zamani. Soma saa kwenye kibao kila mara. Kama kibao hakina saa, ni muda wote.

Kitu kibaya kuliko kulipa na kuliko kushindwa rufaa ni kuiacha barua kwenye droo. Ukikaa kimya, baada ya zile siku 28 inakuja Charge Certificate, faini inaongezeka nusu yake, 70 inakuwa 105, ya London 160 inakuwa 240, na hapo haki ya rufaa ya kawaida imeshapita. Ukiendelea kulala deni linasajiliwa Traffic Enforcement Centre, kituo cha mahakama kule Northampton, na baada ya hapo ni madalali wa mahakama mlangoni na gharama zao juu. Namjua mtu alihama nyumba hakubadilisha anwani kwenye kitabu cha gari, barua zote zilikuwa zinaenda kwa mpangaji mpya, yeye ameshtukia dalali anagonga. Yapo matamko unayoweza kutoa kwamba hukupata barua, kesi inarudishwa nyuma, lakini ni mzunguko. Ukihama waambie DVLA wiki hiyo hiyo.

Nje ya London kuna kitu kingine cha kuangalia, kaunsili wana siku 56 kujibu pingamizi lako la kwanza, wakipitisha bila kujibu inahesabika wamekubali. Weka alama kwenye kalenda siku uliyotuma na utunze ile imeili ya kupokelewa.

Ukishinda hupati fidia ya muda wako, mafuta ya kurudi pale kupiga picha ni yako, kifungu cha gharama kipo lakini ni kwa upande uliofanya mambo ya ajabu kweli kweli na mimi sikukiomba. Nilichopata ni barua ya kaunsili, mistari mitatu, hakuna pole hakuna samahani, PCN imefutwa. Dogo sasa anataka nimwandikie na ya kwake ya paking, nimemwambia alete picha kwanza. Mti ule juzi nimepita bado haujakatwa, kwa hiyo kama umepata 34J kwenye barabara yenye miti, nenda kaangalie kabla majani hayajaanguka.